Sabuni Iliyonyamazisha Kibuyu cha Mama Limi

Jua la Kahama ndiyo kwanza linachomoza, na Paskalia Mihayo amekaa uani, kichwa amekiinamisha, sikio limegusa kibuyu. Ananyanyua kidole: kimya! Hata kuku wanaonekana kutii.

"Bado," anasema, macho ameyafumba. "Wanasalimiana tu. Mwangaluka, mwangaluka. Hawajafika wote."

Anaowasema ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vile vinavyogeuza maziwa mabichi kuwa mgando. Paskalia, ambaye sokoni wanamwita Mama Limi, ameuza mgando tangu ujana wake, na kwa kazi hiyo amesomesha watoto wanne. Ukinywa kikombe chake asubuhi, mchana huulizii chakula.

Kibuyu kina masharti yake. Huoshwa kwa maji matupu, kikafukizwa moshi wa kijinga cha moto, na tumboni hubaki masalia kidogo ya maziwa ya jana. Hayo ndiyo mbegu. Paskalia alipewa mbegu yake na mama yake siku alipoolewa, na mama naye alipewa na bibi. Kwao, mbegu haivuki mlango ila imebebwa na bibi harusi.

Jumamosi hii bibi harusi ni Limi, kifungua mimba wake, anayeolewa Runzewe. Kibuyu chake kipya kipo tayari, kimevishwa shanga shingoni. Na hapo ndipo nusura mambo yaharibike.

Nani asiyeijua tabu ya sabuni mwaka huu wa 1984? Watu wanafulia majani ya mpapai. Basi siku moja, harusi ikiwa inakaribia, duka la ushirika likapata sabuni. Paskalia akapanga foleni, akarudi na mche mzima, na furaha ikampanda kichwani.

"Nilifua mapazia, nikafua magunia, nikamwogesha mpaka mbwa," anasimulia huku akicheka hadi machozi. "Nikaona vibuyu vinanitazama. Nikasema, harusi hiyo inakuja, nanyi mwoge!"

Akavisugua vyote, akavisuuza kwa maji ya moto. Maziwa aliyotia yakawa mlenda mtupu, yenye harufu ya kufukuza nzi. Akamwaga, akatia mengine. Yale yale! Limi akachungulia ndani, akamuuliza mama yake kwa sauti ndogo, "Mayu, mbegu yangu iko wapi?"

"Nililia," anasema Paskalia, na hapo hacheki. "Bibi yangu alivuka njaa na ile mbegu. Mimi nikaja kuiua kwa sabuni ya foleni."

Alimkimbilia Marselino, bwana mifugo wa kata. Kijana wa watu hakumcheka. Alikaa naye barazani akamweleza polepole.

"Mama, bakteria wako walikuwa wamejaa kibuyu kizima. Hutoa ukali unaowafukuza wageni, na baadhi yao hutoa kemikali inayoua hata jamaa zao wa karibu. Ulipowaondoa, nyumba ikabaki wazi. Waharibifu waliokuwa wanachungulia mlangoni wakaingia."

Kisha akampa habari iliyomkausha machozi. Kuna bakteria wa baharini wanaoishi ndani ya samaki na kuwaka kama taa. Kila mmoja hutoa kemikali kidogo tu. Wakiwa wachache, hawawaki. Kemikali hiyo ikizidi, ndiyo dalili kwamba wenzao wamefika, na wote huwaka kwa pamoja.

"Ala! Wanaitana?" akauliza Paskalia.

"Wale wa samaki, ndiyo. Wa maziwa sijui kama nao hufanya hivyo," akajibu Marselino bila kuficha. "Ninachojua, hawa nao lazima wajae. Tafuta mtu mwenye mbegu yako."

"Sijampa mtu!" akasema Paskalia. Kisha akashika mdomo. Hajampa mtu, kweli, lakini aliibiwa.

Miaka miwili nyuma, Mwamvua, muuza vitumbua wa meza ya jirani, alinunua kikombe cha mgando. Badala ya kunywa, akakimimina kwenye kibuyu chake mwenyewe, akatia maziwa, na siku chache baadaye naye akawa anauza mgando. Paskalia alimwita mwizi wa mbegu mbele ya soko zima. Tangu hapo salamu zikafa. Mmoja akinadi "Mazito!", mwenzake anajibu "Mazito zaidi!"

Asubuhi iliyofuata Paskalia alisimama mbele ya meza ya hasimu wake, mikono ameifumbata tumboni.

"Mama Limi," Mwamvua akamwahi, "umekuja kunitukana hata vitumbua havijaiva?"

"Nimekuja kuomba. Mbegu nimeiua. Nimeviosha vibuyu kwa sabuni, na Limi anaolewa."

Mwamvua alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko kilichogeuza shingo za soko zima. "Umeogesha kibuyu! Wallahi, mwanamke wewe umeogesha kibuyu!" Lakini alipoona mwenzake hacheki, aliinua kibuyu chake chote akamtia mikononi. "Chukua. Leo nitauza vitumbua tu. Ila uniambie, mimi ni mwizi?"

"Wewe ni mlinzi," akasema Paskalia. "Wabeja sana, asante, dada yangu." Wakakumbatiana pale pale, wakicheka na kulia, mafuta ya vitumbua yakiungua nyuma yao.

Sasa uani, Paskalia analisogeza sikio tena kwenye kibuyu alichokitia maziwa na mbegu ya Mwamvua. Ndani kuna mchemko mdogo, wa povu linalopasuka. Anatabasamu, anakiinamisha kibuyu taratibu. Maziwa hayatiririki. Yanatoka bonge zito, jeupe, lenye harufu ile ile ya nyumbani kwa mama yake. Limi anapiga kigelegele.

Jumamosi kibuyu cha shanga kitakabidhiwa na akina mama wawili, jambo ambalo ukoo haujapata kuliona. Na harusi ikipita, meza mbili za sokoni zitaunganishwa kuwa moja: mgando upande huu, vitumbua upande ule, na mbegu kwa yeyote atakayeomba.

Mwamvua anaingia uani na kikombe chake mkononi, anaonja, anafumba macho kwa raha.

"Limi mwanangu," anasema, "huko Runzewe nako hawakosi wauza vitumbua. Wakikuibia mbegu, usigombe. Washukuru."