Gari Lililokataa Kuamka Alfajiri

Kila alfajiri, akishaswali na kuepua mahamri ya mwisho, Bi Mwanatabu huchukua kichupa cha mafuta ya nazi dirishani, huchovya kidole, na kuupaka ufunguo wa gari pande zote mbili. Huupaka polepole, kama anayempaka mtoto miguu kabla ya kumpeleka chuoni kusoma Kurani. Kisha husema bismillahi na kutoka uani.

Mafuta hayo hayo hupaka bawaba za milango, cherehani, visigino na, siku za harusi, nywele. Kwa hivyo aliponunua gari, na aliyemuuzia akamwambia kwamba swichi ya ufunguo ni nzito kidogo na yataka mafuta, hakuuliza mafuta gani.

Gari lenyewe ni saluni kuukuu, nyeupe mahali ambapo rangi imebaki. Kila siku ya kazi hulitoa Mjambere likiwa limejaa harufu ya iliki, akaliegesha nje ya mahakama ya Shanzu, akafungua buti na kuuza mahamri na mbaazi za nazi. Makarani hula hapo, mawakili hula, wenye kesi hula. Wenye kesi hula zaidi, asema, hasa wanaojijua wana makosa. Mimi ni mpangaji wake wa chumba cha uani, na kwa kuwa nafanya kazi masjala ya hapo hapo, hunibeba. Nauli yangu ni kupakata sufuria ya mbaazi.

Mwezi wa saba ulipoingia na baridi yake, ufunguo ukaanza kugoma. Waingia, lakini haugeuki. Bi Mwanatabu angeutikisa, angeuchomoa, angeurudisha, kisha angeanza kusema na gari.

"Nimekulea, nimekupaka, na leo wanifanyia haya mbele ya mpangaji?"

Jua likishafika uani na kupiga dashibodi, ufunguo ungegeuka wenyewe kama hakuna lililotokea. Lakini wakati huo mahamri yameshapoa, na Shanzu nzima imeshakunywa chai.

Alimwita Menza, fundi wa gari kutoka Kiembeni, kijana hodari ambaye hana mazoea ya kuonana na asubuhi. Alikuja saa sita mchana. Aliugeuza ufunguo kwa vidole viwili, na gari likawaka.

"Bi Mwanatabu, gari zima hili."

"Asubuhi halikuwa zima."

"Basi limepona."

"Limeponywa na nani?"

Alikuja tena baada ya siku mbili, mchana vilevile, na gari likawaka vilevile. Safari hii alimtazama Bi Mwanatabu kwa huruma, akasema pengine kosa ni la mkono, labda analishika kwa hasira. Bi Mwanatabu akamwambia kwamba mkono huo umekanda unga tangu yeye Menza hajazaliwa, na unga haujawahi kulalamika. Mara ya tatu Menza hakuingia ndani kabisa. Alisimama mlangoni, akasema yako magari ambayo humchoka mwenyewe tu, na dawa yake ni kuuzwa.

"Na wako mafundi," Bi Mwanatabu akamjibu, "dawa yao ni kumwagiwa maji kitandani."

Mambo yaliharibika Jumanne. Tulifika Shanzu saa nne kasorobo, na Justus akatufuata hadi kwenye buti. Justus ni karani, mtu wa bara, aliyefika pwani akidhani mbaazi ni chakula cha kuku, na sasa ndiye msemaji wa wote wanaozila.

"Mama, jana tumekunywa chai tupu. Leo pia tumekunywa chai tupu. Wenzangu wamenituma. Kesho ukichelewa, tunahamia kwa Fancy."

Fancy alikuwa ameweka meza ya chapati chini ya mwavuli, ng'ambo ya lango. Bi Mwanatabu hakuiangalia meza ile, nami nikajua ameiona. Makarani hawakuwa wateja tu. Mgeni akija mahakamani hajui ale wapi, hutazama watu wa mahakama wanakula wapi, akaenda huko. Makarani wakivuka barabara, lango zima lingevuka nao, na buti lile lisingekuwa na kazi tena.

Tukirudi, alikata kona kuingia Kiembeni.

"Menza, kesho njoo alfajiri."

"Alfajiri ipi?"

"Hiyo hiyo ya kila siku. Hujawahi kuiona, lakini ipo."

"Bi Mwanatabu, mimi alfajiri mikono haifanyi kazi."

"Mdomo je? Mahamri ya kwanza kutoka karaini ni yako."

Alikuja. Alikuwa amejifunga kikoi shingoni na macho yake yalikuwa nusu ya ukubwa wa kawaida. Alikula amesimama, akaingia garini na hamri la tano mkononi, akaujaribu ufunguo. Haukugeuka. Akauyumbisha usukani kushoto na kulia. Akagonga kwa mpini wa bisibisi. Akapuliza ndani ya tundu.

"Kumbe ni kweli," akasema taratibu.

"Sikukuita uje unisadiki. Nilikuita utengeneze. Ngoja nikusaidie."

Akachukua kichupa chake. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi kuliko zote, na mafuta yalikuwa yameganda, meupe kama samli. Bi Mwanatabu akayachimba kwa ukucha na kuusiliba ufunguo mpaka meno yake hayakuonekana.

Menza akaacha kutafuna.

"Wafanya nini?"

"Naupaka."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mimi si mtu wa kutumia kitu changu bila kukitunza."

"Na yote huingia humu?"

"Yaende wapi tena?"

Menza akakichukua kichupa, akakipindua juu chini. Hakikudondoka kitu. Akalitazama tundu, akakitazama kichupa, akalitazama tundu tena.

"Bi Mwanatabu, humu ndani kuna vijipini vya kupanda na kushuka. Vyote vimelala kwenye mafuta yaliyoganda. Mchana yakiyeyuka vinaamka, ndipo nami naja."

"Kwa hivyo ungekuwa waamka mapema," akasema Bi Mwanatabu, "tungelijua hili siku ya kwanza."

Wakati wa kufungua swichi haukuwepo. Bi Mwanatabu aliufuta ufunguo, ambao ni chuma kitupu, akaubana kwa koleo na kuushikilia juu ya makaa yaliyobaki jikoni. Akaja nao mbio, ameuzungushia leso, akautia. Tukasubiri. Tundu likaanza kunuka wali wa nazi. Ukageuka kidogo, ukakwama, akaupasha moto tena, na mara ya pili gari likawaka.

Tulipofika, Justus alikuwa ameshasimama mezani kwa Fancy, mkono mfukoni, na makarani watatu nyuma yake. Mmoja alishakuwa na chapati. Bi Mwanatabu hakumwita mtu. Alifungua buti, akafunua sufuria, akakoroga mara moja.

Justus akageuka. "Mama, umewahi."

"Nimewahi. Mnakula au mnatazama?"

Wakavuka barabara. Yule mwenye chapati aliichovya kwenye mbaazi zetu bila haya.

Mchana Menza alitufuata Shanzu, akaichomoa swichi, akailoweka kwenye petroli na kuisugua kwa mswaki. Yalitoka mafuta ya miaka, yamechanganyika na vumbi na unga wa ngano. Akaniomba penseli, akaikwangua kwa wembe, na unga ule mweusi akaupuliza ndani.

"Huu haugandi. Na usipake kitu kingine, nakuomba."

Kesho yake ufunguo uligeuka mara ya kwanza, kabla hata sijakaa vizuri na sufuria yangu. Tulipopita Bamburi nikamuuliza: kama makarani wangehamia kweli kwa Fancy, angefanyaje?

Bi Mwanatabu akabadilisha gia.

"Ningempelekea Fancy mbaazi, auze yeye. Chapati zake nzuri, lakini ni kavu."