Tete Lililovunjwa Ncha

Nimesoma mpaka darasa la tatu, na nyumba yangu ya matofali ya kuchoma nimeijenga kwa majeneza. Nasema wazi, maana wapo wanaoona haya kuuliza. Nilianza na msumeno mmoja na randa ya kuazima hapa Kanoni, nikitengeneza vitanda na milango. Majeneza yalikuja yenyewe. Watu hawaachi kufa eti kwa kuwa fundi anapenda vitanda. Leo nina karakana, nina pikapu, nina maturubai na viti vya msibani. Kitu kimoja wenye maduka wananishinda: mteja akiondoka kwangu simwambii karibu tena. Namwambia Mungu awatie nguvu, basi.

Wanangu wawili wa kiume waliikimbia kazi hii. Mmoja ana bodaboda, mwingine analima kahawa, na wakija kula hukaa mbali na karakana. Aliyebaki ni kitinda mimba, msichana. Huyo alishika randa akaipenda, na siku hizi akimaliza ubao unaweza kuupitishia shavu.

Kwa hiyo alipopata mchumba, kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Rubwera, mimi sikulala vizuri. Mchumba ni heri. Lakini wakimchukua na kumkataza kazi, karakana naizika mwenyewe.

Wakaja kuposa: baba mkubwa wa kijana, shangazi yake na mshenga. Mke wangu alitandika vitambaa kwenye mabenchi. Baba mkubwa akafunua pembe ya kitambaa kabla ya kukaa.

"Mzee, hizi mbao ni za nini?"

"Za benchi. Zingekuwa za lile jingine ungekuwa umelala."

Mke wangu akanifinya. Akaleta kikapu cha kahawa ya kutafuna. Huku kwetu mgeni asipoipokea kahawa hiyo, hajafika. Baba mkubwa akaacha mikono magotini.

"Binti tunampenda," akasema. "Ila kazi hii aiache hapa. Mkono unaopima maiti uje utupikie ugali?"

"Sisi hatupimi maiti. Wanapima ndugu."

Ndivyo ilivyo. Wafiwa humpima marehemu wao kwa tete la mtoni, wanalikata kwa panga sawa na urefu wake, wanatuletea. Jeneza likikamilika, tete linaingia ndani na kuzikwa naye, kwa sababu kipimo cha mtu hakibaki nyumbani kwa mtu.

"Hata hivyo," akasema, "aiache."

"Basi na yeye mwacheni hapahapa."

Mshenga akakohoa. Mke wangu akatazama chini, nikajua nimeharibu.

Shangazi wa kijana akamwita binti yangu kutoka jikoni. Binti akaja akapiga magoti.

"Hebu niangalie. Si wewe uliyekuja Bweranyange tulipofiwa na mama mkwe wangu?"

"Ni mimi, shangazi."

"Nilijua." Akamgeukia kaka yake. "Tete tulimpa shemeji yangu alilete huku kwa pikipiki. Njiani likawa linanasa kwenye migomba, akalivunja ncha. Eti ncha tu! Huyu binti akaona mwisho wake haukukatwa kwa panga, umevunjwa kwa mkono. Akamwambia shemeji, panda, turudi. Akafika kwetu anauliza, marehemu alikuwa mrefu kiasi gani? Tukamsimamisha mume wangu, maana walilingana."

"Na shemeji yako alivyojitetea je, shangazi?" binti yangu akasema.

"Alisema watu wakifa wanapungua," shangazi akajibu.

Hata mshenga alicheka.

"Mama mkwe alikuwa mrefu kama mgomba," shangazi akaendelea. "Alilala amenyooka. Wangemkunja magoti, mume wangu angelala na picha hiyo mpaka leo." Akachukua kahawa, akatafuna. "Kaka, wewe nawe ni mrefu. Unataka tete lako apewe nani?"

Baba mkubwa akakuna kidevu. Mkono ukaenda kikapuni taratibu.

"Aje na kazi yake," akasema. "Lakini karakana isikae karibu na jiko."

"Itakuwa nyuma ya duka," binti yangu akajibu. "Kiwanja tumeshakisafisha."

Tumeshakisafisha! Mimi baba yake, niliyekosa usingizi, sikuwa nimeambiwa. Nikajifanya najua.

Karakana hiyo sasa inafanya kazi, na randa iliyomo ni yangu, ile niliyoinunua baada ya kurudisha ya kuazima. Mume wake anamkatia mbao. Wiki iliyopita binti alinipigia simu akinifundisha namna ya kupaka vanishi, na mimi nikamsikiliza, jambo ambalo mke wangu analisimulia kanisani.

Siku ile ya posa niliwasindikiza wageni. Tukapita mbele ya karakana yangu, majeneza mawili yameegemea ukuta. Furaha ikanishika, mdomo ukatangulia.

"Karibuni tena."

Baba mkubwa akasimama. Akatazama ukutani, akanitazama mimi.

"Tutakuja, mkwe," akasema. "Kwa harusi."