Vimkate vya Jibini vya Wifi

Wifi yangu alijifunza kuoka vimkate vya jibini alipokuwa akipika kwa mzungu mwenye shamba la kahawa. Kila sherehe ya kipaimara watu walivigombania, na kiburu changu cha ndizi na maharage kilipoa pembeni. Roho iliniuma!

Siku moja nikaenda kumtazama anavyokanda. Nilipojua vipimo vya unga na siagi, niliaga hata kabla hajaoka. Kwangu nikabandika sufuria juu ya makaa. Vikaungua chini, juu vikabaki vibichi. Nikamtangaza kanisani kuwa ni mchoyo, kanificha siri.

Alikuja na kifuniko chake, cheusi upande wa juu.

“Makaa mengine huwekwa hapa, wifi. Ungengoja ungeona.”

Nilikipokea. Nakitumia mpaka leo, na asante sijasema.