Jina Tulilokwenda Kuomba Mwea

Jirani yangu wa upande wa kushoto hupika wali wa pishori kila Jumapili. Nyumba zetu za kupanga hapa Nyeri mjini zimeshikamana, ukuta mmoja kwa familia mbili, na harufu hupita juu, pale ambapo fundi aliacha nafasi kati ya ukuta na mabati. Kwanza huja harufu ya kitunguu, ambayo haina neno. Kisha huja ile ya mchele wenyewe, tamu na nzito, na inajaza chumba kama mtu aliyeingia bila kubisha. Watu huisifu. Mimi huinuka nikafungua dirisha, hata iwe baridi ya Julai na ukungu umelala juu ya paa.

Sababu yake ni ndefu kidogo, na inaanza na jina letu.

Naitwa Wangechi Njeru. Msomaji wa Embu au Kirinyaga hataona ajabu hapo, kwa kuwa huko akina Njeru hawahesabiki. Lakini mimi nilizaliwa katika kijiji kimoja karibu na Othaya, na huko jina hilo lilikuwa la nyumba moja tu, yetu. Nilipokuwa mtu mzima nilinunua daftari nikaanza kulifuatilia. Nilisoma misalaba makaburini, nikaomba kuonyeshwa vitabu vya ubatizo, nikawauliza wazee katika masoko ya Karatina na Gakindu. Ukitoka Embu kuelekea machweo, jina hilo linavuka Mto Thiba, linapungua kadiri unavyokaribia Sagana, kisha linakwisha. Halafu, baada ya vilima vyote vile vya kahawa na chai, linatokea tena mara moja: baba yangu, Njeru, fundi wa mbao.

Shuleni wenzangu hawakuhitaji daftari ili kujua hayo. "Wewe Mchele!" walikuwa wakiniita. "Rudi kwenu Mwea ukafukuze ndege!" Nilikuwa sijawahi kuona shamba la mpunga maishani mwangu.

Kwetu mtoto hachaguliwi jina kwa sababu linapendeza. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa upande wa nyanya. Wala si jina tu, mtu mwenyewe huhesabiwa kuwa amerudi. Mimi nilipewa jina la nyanya yangu, mama yake Baba, Cucu Wangechi, na kwa hiyo Baba aliniita "mama" tangu nikiwa mchanga, hata alipokuwa akinigombeza. "Mama, nani amemwaga maziwa haya?" Kwa mpango huohuo, bibi kizee humwita mjukuu aliyepewa jina la mume wake "mume wangu", na kijiji kizima hucheka na kukubali.

Jirani yetu, Cucu Nyaguthii, alikuwa na mume wa aina hiyo, mvulana wa miaka minne mwenye kamasi isiyokauka. "Mume gani huyu!" angepaza sauti ng'ambo ya ua. "Kuni hakuna, sukari hakuna, na bado anauliza chai iko wapi!" Mtoto angejibu kwa sauti nzito ya kuiga, "Pika, mama, pika!" na wanawake wangeshika mbavu. Siku moja, akiwa bado anacheka, Nyaguthii alimgeukia Cucu. "Na wewe, Wangechi? Wako bado yuko Mwea?" Cucu aliendelea kuchambua maharagwe. "Yuko njiani," alisema. Nakumbuka kwamba wale wengine waliacha kucheka.

Mume wa Cucu, kama tunaweza kumwita mume, aliitwa Kinyua. Alikuwa kijana wa Kirinyaga aliyekuja upande wetu kupanda miche ya kahawa. Mashamba ya mpunga yalipoanza kugawiwa Mwea, alikwenda kutafuta ploti, akaahidi kurudi na wazee wake na mbuzi wa mahari. Malaria ilimuua kabla ya mavuno ya kwanza. Cucu alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na mimba ilikuwa imeanza kuonekana.

Msichana akizaa kwao kabla ya kuolewa, mtoto huwa wa baba yake msichana, na jina hutoka huko. Baba yake Cucu, mzee Gathogo, alikaa nje akingoja kuambiwa kwamba amezaliwa upya. Lakini Cucu, bado akiwa kitandani, aliwaambia wanawake waliomzalisha kwamba mtoto ni Njeru, yaani baba yake Kinyua, mzee ambaye hakuwahi kumwona kwa macho. Jina likishatamkwa mbele ya wanawake hao halirudishwi. Gathogo hakumpiga wala hakumfukuza. Alipowagawia wanawe ardhi, alisema tu kwamba Njeru aende akapewe na akina Njeru. Ndiyo maana sisi tuliishi kwenye kiploti kijijini, ambacho Cucu alikinunua kwa kuchuma kahawa ya watu, na mahindi yetu yalikuwa mistari mitano.

Nilipokuwa na miaka minane, Mama akawa mjamzito tena. Akizaliwa msichana, hapakuwa na shida, angekuwa mama yake Mama. Akizaliwa mvulana angekuwa Kinyua. Baba hakutaka kumpa jina hilo hivihivi. Alimwambia Cucu, nikisikia, "Mama, jina moja ulilichukua bila kuomba. La pili nitaliomba." Cucu hakubisha. Alichukua koti la Baba akalipiga pasi, kisha akalipiga pasi tena.

Baba alitanguliza barua kwa ndugu za Kinyua huko Mwea. Halafu akanichukua mimi, akaenda na mimi. Watu walidhani ananipeleka kutembea. Yeye alikuwa na hesabu yake: kwa kuwa nilibeba jina la Cucu, alikuwa amekwenda kwao na mama yake, kama inavyotakiwa.

Mwea ilinishangaza kwa ubapa wake. Nilikuwa mtoto wa mabonde, sikujua kwamba ardhi inaweza kulala chini namna ile, ikiwa na maji juu yake na anga ndani ya maji. Sokoni Baba alinunua kondoo dume, mweupe, mwenye mkia mnene. Tulitembea juu ya tuta la mfereji, Baba akivuta kamba mbele na mimi nikisukuma nyuma. Kila tulipokutana na baiskeli iliyobeba magunia, kondoo alikaa chini kama mkuu wa wilaya, na mwenye baiskeli alilazimika kushuka. "Mzee, kondoo wako amekataa kazi!" mmoja alituambia. Baba alicheka. Ni mara ya mwisho siku ile kumwona akicheka.

Kondoo yule hakuwa zawadi ya kawaida. Mimi sikuambiwa, lakini ninyi nawaambia mapema ili msiwe gizani kama mimi. Wenyeji wakimchinja na kula pamoja na aliyemleta, wamemkubali kuwa damu yao. Wakimwacha amefungwa, wamejibu.

Tulipokewa na mzee Nyaga, kaka mkubwa wa Kinyua, mtu mrefu mwenye kofia ya manyoya ambayo hakuivua hata kwa joto lile. Walikuwepo wanaume wengine wawili na wanawake kadhaa kwenye mabenchi. Kondoo alifungwa kwenye nguzo ya ghala. Baba alieleza habari yake vizuri, bila haraka, akasema hatafuti kitu chochote ila ruhusa ya kumwita mwanawe Kinyua, na kwamba angependa mtoto huyo ajue atakapokuwa mkubwa kwamba ana watu. Mzee Nyaga alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanivuta karibu na goti lake.

"Na huyu je?"

"Huyo ni Wangechi," Baba alisema. "Ni mama yangu."

"Ahaa! Basi mwenyewe amekuja!" Watu wakacheka, nami nikanyoosha shingo kwa majivuno. Mzee akajifanya mwenye heshima nyingi. "Wangechi, mke wa ndugu yangu, karibu. Hebu niambie. Siku ile ulipojifungua, ni nani wa kwetu alikuja kumwona mtoto?"

Mchezo huo niliufahamu. Nyumbani nilikuwa nikijibu kama Cucu kila siku, na wageni walinisifu kwa hilo. Nilijua jibu, kwa sababu Cucu alikuwa amenisimulia mwenyewe.

"Hakuja mtu," nilisema.

"Hakuna hata mmoja? Sasa jina, nani alimpa?"

"Nilimpa mimi mwenyewe. Nikiwa kitandani."

Mwanamke mmoja alijipiga paja kwa kicheko. Mzee Nyaga hakucheka. Alinisogeza taratibu kutoka gotini, akawatazama wale wanaume wawili. "Mmesikia," alisema, bila kupandisha sauti. "Amesema mwenyewe." Kisha akageukia upande wa jikoni. "Mleteeni mgeni chakula."

Waliandaa pishori kwa maharagwe mekundu, kwenye sahani za bati zilizojaa hadi ukingoni. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile. Nilimaliza sahani moja, wakaniongeza. Baba alikula polepole, akamaliza punje zote, akashukuru. Nje, kondoo alikuwa akilia kwenye nguzo yake, na kila alipolia nilifurahi kwa siri kwamba hakuna aliyekuwa akinoa kisu. Nilikuwa nimeanza kumpenda.

Jioni ilipokaribia, kijana mmoja wa pale alimfungua akampa Baba kamba mkononi. Waliagana nasi vizuri sana. Walitufungia hata mchele kidogo wa kumpelekea Mama.

Tukiwa kwenye tuta la mfereji niliuliza, "Baba, nimesema vibaya?"

"Hapana, mama. Umesema ilivyokuwa."

Tulilala Karatina kwa rafiki yake, tukafika nyumbani kesho yake mchana. Cucu alikuwa katika mistari yetu mitano ya mahindi. Nilikimbia mbele nikiwa na kondoo, nikipiga kelele, "Cucu! Hawakumchinja! Tumerudi naye!" Alisimama na jembe. Alimtazama kondoo kuanzia kichwa mpaka mkia, kama mtu anayesoma barua fupi. "Mpeni maji," alisema. "Ametembea sana."

Kwa miaka mingi, tangu nilipofikia umri wa kuelewa, niliamini kwamba ni mimi niliyemfungia Baba mlango ule. Sikumwambia mtu. Nilipokuwa nikizunguka na daftari langu nilirudi Mwea, na mzee Nyaga alikuwa amekwisha kufa, lakini nilimpata binti yake, Marigu, ambaye siku ile ndiye aliyepika. Aliniambia yote bila kuficha, huku akipepeta mchele. Ploti ya mpunga ya Kinyua ilikuwa imeandikishwa kwa Nyaga. Ploti zile hazikugawanywa, kila moja ilikuwa na mwenyewe mmoja kwenye karatasi. Barua ya Baba ilipofika, wanaume walikaa wakaamua.

"Baba yangu alisema, huyo akila nyama hapa leo, kesho ataomba maji ya mfereji," Marigu alisema.

"Lakini lile swali aliloniuliza mimi?"

"Wewe? Angeuliza hata mbwa. Alitaka tu pa kuanzia."

Nilitoka pale nikiwa mwepesi kwa nusu saa hivi. Kisha nikakumbuka kwamba Baba alikuwa amezikwa miaka mitatu kabla, na kwamba hakuwahi kutaka mpunga wao. Alitaka ruhusa ya kumwita mtoto jina.

Mtoto alizaliwa wiki sita baada ya safari ile. Mvulana. Nyumba ilijaa wanawake na harufu ya uji, na ndugu za Cucu, wana wa mzee Gathogo, walisimama uani wakijifanya wanazungumza juu ya bei ya chai. Baba aliingia, akamtazama Mama, hakumtazama Cucu. "Ni Gathogo," alisema. Wanawake walipiga vigelegele vitano, kama inavyotakiwa kwa mvulana. Nje wajomba wakashikana mikono. Kosa la miaka ishirini na saba lilikuwa limerekebishwa, na mwaka uliofuata walimkatia Baba nusu eka. Sijui kama alikuwa amelifikiria hilo. Sikuwahi kumuuliza, na sasa siwezi.

Cucu alipewa mtoto amshike. Kwa kuwa mtoto alikuwa ni Gathogo, alipaswa kumwita baba, na wote walikuwa wakingoja kusikia. Mimi nilikuwa nimebanwa kati ya kitanda na ukuta, karibu kuliko wengine. Aliinamisha kichwa kana kwamba anamnusa, na nikasikia akisema chini kabisa, sikioni mwa mtoto, "Mume wangu." Mara moja tu. Kisha akainua uso na kusema kwa sauti iliyosikika mpaka uani, "Karibu, baba."

Niliona aibu kwa ajili yake. Nilidhani amechanganyikiwa, kama wazee wanaoita walio hai kwa majina ya waliokufa, nikaamua kumficha, nisiseme kwa mtu. Kwangu Cucu alikuwa mzee tangu dunia ianze. Siku hizi huichukua hesabu ya umri wake nikaipiga upya, na jibu haligeuki: mwanamke yule aliyekuwa ameshika mtoto alikuwa na miaka arobaini na minne, mdogo kuliko mimi sasa.