Jiwe Lisilo na Kichwa

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwenye kibanda cha ushirika wetu huko Tabaka, kila mchongaji wa mawe laini alikuwa na nafasi yake rafuni, upana wa mikono miwili. Mfanyabiashara kutoka Nairobi alinunua vinyago vya rafuni tu. Wenzangu walipanga viboko, ndovu na visahani vya majivu ya sigara. Mimi, niliyeishia darasa la saba, niliweka jiwe moja la rangi ya waridi, limejikunja kama kitu kilicholala. Si mnyama, si mtu. Nililipenda hadi nikawa naliaga jioni.

"Hii ni nini?" akauliza mwenyekiti.

"Ni jiwe, mogaka," nikamjibu mzee huyo nikicheka.

"Mawe yamejaa kule machimboni. Kichwa chake kiko wapi?"

"Kilichopotea ni kichwa cha mwenyewe!" akadakia jirani yangu wa rafu, na kibanda kizima kikaangua kicheko.

Hata kina mama waliopiga msasa kwenye karai la maji walikataa kulisugua. "Tuanzie wapi, mwanangu? Halina mbele wala nyuma." Nikalisugua mwenyewe siku tatu, vidole vikachubuka.

Mwenyekiti akaniambia wazi: mfanyabiashara anakuja Jumatatu, asipolichukua, nafasi yangu apewe mwingine.

Jumatatu nikafika mapema, naimba. Jiwe langu lilikuwa na masikio. Lilikuwa na macho mawili, na mdomo wa kiboko uliokatwa kwa panga.

"Nimekumalizia," akasema jirani yangu, vumbi la jiwe bado liko kwenye nyusi zake. "Ulitaka kutuaibisha."

Mfanyabiashara akaingia, akaligeuza mikononi, akasema ni kiboko mzuri, jiwe lifungwe. Mwenyekiti akanipiga begani. "Umeona? Nafasi yako imebaki."

Wenzangu walikuwa wameshalilaza kwenye nyasi ndani ya sanduku. Nikainama, nikalitoa.

"Samahani, bwana. Hili haliuzwi."

"Basi toka nalo!" mwenyekiti akafoka. "Na wazimu wako usiurudishe hapa."

Kabla sijafika mlangoni, jirani yangu alikuwa ameshasogeza ndovu wake mahali pangu.

Nilikaa nje, juu ya vipande vya mawe, nikatoa kisu. Masikio yalitoka upesi. Macho yalikuwa yamechimbwa ndani sana, ikabidi nikwangue jiwe zima, likapungua, likapungua, hadi likaenea kiganjani. Ndipo nikaenda kuwaomba wale kina mama kipande cha msasa, nilisugue tena mwenyewe.