Nilivaa fulana ya HAYANA KOLESTEROLI huku damu yangu imejaa lehemu

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya ni yangu mwenyewe na sitii chumvi, maana hata bila chumvi nachekesha.

Enzi zile za ruksa, soko lilipofunguliwa, kila mtu kageuka mfanyabiashara. Nami nikanunua mashine chakavu ya kukamua alizeti, nikaifunga Manyoni. Nikachapisha na fulana: MAFUTA YETU HAYANA KOLESTEROLI.

Kolesteroli yenyewe sikuijua. Mteja akiuliza, namwambia ni uchafu wa mafuta ya kutoka nje. Expert kabisa!

Sasa kwetu ni Mitundu. Kitongoji chetu kilifunguliwa na kaya tatu, zikaoana mpaka hujui nani mjomba nani shemeji.

Wengi wetu tuna vinundu vigumu nyuma ya visigino na kwenye viwiko. Tunaviita mbegu. Mtoto akiota mbegu, shangazi yangu anampapasa na kupiga vigelegele: "Huyu wetu!"

Mimi ninazo. Mke wangu Maria, wa kaya ya pili, anazo. Binti yetu Neema alipofika miaka minane zilikuwa zimejaa viwiko, magoti, visigino.

Nikachinja mbuzi kwa furaha. Wakuu, niliuchinjia ugonjwa mbuzi!

Tena wanaume wa kwetu hawazeeki. Baba alianguka shambani na jembe mkononi, kaka yangu alianguka kanisani. Tukasema ni wivu wa watu.

Siku moja Neema akitoka shule akakaa chini njiani, kashika kifua. "Baba, panauma."

Zahanati za binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zinafunguliwa, nikambeba hadi mojawapo, Maria nyuma yangu. Daktari alikuwa mzee, nikampa shikamoo yake. Akampapasa Neema viwiko, akanipapasa na mimi, akachukua damu yetu sote watatu akaituma Dodoma.

Majibu yalipokuja akasema, "Mna lehemu nyingi mno."

Mimi lehemu niliyoijua ni ya fundi bati, ya kuzibia sufuria. Nikajibu kwa kujiamini, "Daktari, kwetu hakuna fundi hata mmoja."

Akaninyooshea kidole kifuani. "Lehemu ndiyo hiyo kolesteroli uliyoivaa."

Jamani, aibu! Nikajitetea: mwembamba hivi, nyama yenyewe naila sikukuu?

Akasema hii si ya kula, ni ya kurithi. Mimi na Maria kila mmoja kabeba mbegu moja ya ugonjwa, Neema kapata mbili, ya baba na ya mama. Watu wachache wakioana wenyewe kwa wenyewe, mbegu zinakutana. Ndizo zilizomuua baba, na kaka pia.

Maria akaangua kilio. Mimi nikavua fulana, nikaigeuza ndani nje, nikavaa tena. Sikuwa na nguo nyingine.

Miaka ile dawa tulizitafuta kwa tochi. Neema kapasuliwa moyo mara moja, anameza vidonge kila siku mpaka leo, nami vilevile. Umri wa baba nimeshaupita.

Mwaka juzi akaleta mchumba kutoka Sekenke. Wazee wamekaa, wanasubiri nitaje mahari. Nikamwambia kijana, "Mwanangu, vua viatu. Pandisha na mikono ya shati."

Wakwe walidhani nimerukwa na akili. Nikapapasa viwiko, nikapapasa visigino, halafu nikamwita shangazi. Sasa ni bibi kizee, macho yameshafifia, lakini vidole bado vinajua kazi.

"Laini," akasema. Akapiga vigelegele ambavyo sijawahi kuvisikia kwake. (Damu kijana alipima baadaye, nayo ilikuwa safi. Mjukuu hawezi kupata mbili.)

Nililia mbele ya wakwe, wakuu. Mahari nilisahau kabisa.

Nilichojifunza: kitu mnachojivunia kwenye ukoo, kipelekeni kwanza kikapimwe.

Haya, uwanja ni wenu, nichekeni mpendavyo. Ila kabla hujacomment, jipapase viwiko.