Siku Hajja Alipopanda Ngazi za Kandara

Hajja alikuwa mama mzazi wa madam wangu wa Riyadh. Baada ya miaka miwili ya kulea watoto kule, madam aliniuliza kama ningekubali kwenda Jeddah kumtunza mama yake. Magoti yalikuwa yamemwishia nguvu, na wasichana wawili walionitangulia walikuwa wamekimbia mdomo wake. Mdomo ulikuwepo kweli. Siku ya kwanza nyumbani kwake, mtaa wa Ruwais, alionja wali wangu, akanirudishia sahani.

"Binti, huu mchele umeupika au umeuogesha?"

Tukapendana hivyo hivyo, kwa kugombana.

Ijumaa mchana nilikuwa na ruhusa ya kutoka. Nilikwenda Kandara, mtaa mwingine wa Jeddah, kwenye jengo la vyumba vya kupanga, ambako mama mmoja wa kutoka Bungoma alitupikia ugali na omena, wale dagaa wa kwetu, chumbani mwake, ghorofa ya tatu. Sote tulimwita Auntie. Leseni hakuwa nayo. Unga na omena vilikuja ndani ya masanduku ya watu waliotoka likizo, vimefichwa katikati ya nguo. Hata ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini, ilikuwa imekwisha tangu alipomtoroka kafili wake, mwajiri aliyemdhamini. Tulijua yote hayo, na bado tulikula.

Kila Ijumaa nilimletea Hajja mandazi ya Auntie. Siku moja akasema, "Leo nakwenda nawe. Nataka kumwona huyu anayekufanya urudi ukiimba."

Tulichukua teksi. Kwenye ngazi alipumzika kila baada ya hatua tano, akimlaani aliyejenga jengo lile na vizazi vyake. Auntie alipomwona mlangoni alitaka kukimbia. Alipoona yule bibi anahema, akamvutia kiti. Hajja akamega ugali, akautazama, akautia mdomoni.

"Hii ni asida yetu," akasema. "Mmeisahau asali tu."

Tulicheka wote. Tulikuwa bado tunacheka mlango ulipogongwa.

Msako ulikuwa umeanza wiki kadhaa kabla. Serikali ilikuwa ikiwatafuta waliouza bidhaa za magendo na waliofanya biashara bila vibali. Siwezi kusema ilikosea. Chumba cha jirani waliuza vidonge na krimu za kujichubua, na msichana mmoja niliyemjua alikuwa amebabuka mashavu yote mawili. Wakaguzi walikuja kwa ajili ya chumba kile, lakini harufu ya omena haina adabu, iliwaleta hadi kwetu.

Walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa kijana mpole, na alipomwona Hajja alishusha sauti.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nakula. Karibu."

Akatazama mifuko ya unga chini ya kitanda, kisha akamwonyesha Auntie kwa kidole. "Huyu ni mfanyakazi wako?"

Nilijua neno moja tu la ndiyo lingeweza kumwokoa. Hajja aliweka chini tonge lake. Kisha akanishika mkono.

"Wangu ni huyu. Yule ni mwenyeji wangu. Nimehiji, mwanangu, usinitie kwenye uongo. Lakini mtamngoja azime jiko, na avae abaya yake vizuri."

Wakangoja. Auntie alizima jiko, akajifunga mtandio, akatoka nao.

Siku ile sikumsemesha Hajja, wala iliyofuata. Nilimpikia, nilimkanda magoti, lakini kimya. Jumapili asubuhi akaniambia, "Yalla, vaa. Nilikataa kusema uongo. Sikusema nitamwacha."

Nilichukua sanduku la Auntie kule Kandara, tukaenda kwenye kituo walikozuiliwa watu wa kurudishwa kwao. Alikaa kwenye kiti cha plastiki asubuhi nzima, akawauliza maofisa swali moja tu: binti wa watu atasafiri bila sanduku lake? Kesho yake tukarudi. Siku ya tatu ofisa mmoja akacheka akasema, "Mpeni sanduku, la sivyo huyu mama atahamia hapa." Nililipeleka mwenyewe. Ndani Hajja alikuwa ameongeza tende na shali yake ya sufu. Auntie aliishika ile shali akaniuliza kama Bungoma ina baridi kiasi hicho, halafu akalia. Nami nikalia.

Niliporudi kwenye kiti kile nilimwambia Hajja, "Nisamehe." Akasema goti linamuuma, nimwinue.

Auntie alirudishwa nyumbani wiki hiyo. Baada ya muda alinipigia simu: anauza mandazi sokoni kwao, na jamaa zake wote wanadhani amerudi tajiri. Hajja akaninyang'anya simu. Kiarabu cha Auntie kilikuwa cha jikoni tu, vyakula na amri, lakini waliongea karibu robo saa, nami nikiwa nimesimama na sahani zangu mkononi, nikisikiliza.